Maelezo ya Naftaly Mbugua Kuhusu Kinanda cha Mwalimu Rupinder na Wimbo Ulioitikiwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo kidogo cha polisi, Free Area, Nakuru
Tarehe: Ijumaa, 6 Februari 2026, saa tatu na robo asubuhi
Jina: Naftaly Mbugua
Umri: Miaka 61
Kazi: Mkulima wa kahawa na ng'ombe wa maziwa, pia mwandishi wa barua na maombi ya wananchi, kwa hiari
Makazi: Subukia
Lugha: Kiswahili

Mimi niliyetajwa hapo juu ni mtu mzima mwenye akili timamu. Elimu yangu rasmi ilikoma darasa la saba, iliyobaki nimejitafutia. Nimemwomba Koplo Chepkurui, anayeshughulikia jambo hili, aniruhusu kuyaandika maelezo haya kwa mkono wangu badala ya mimi kusema na yeye kuandika. Amekubali kwa sharti kwamba niandike niliyoyaona na kuyasikia, wala si hotuba. Nitajitahidi.

Najua ninachotakiwa kusema. Kinanda cha umeme cha Mwalimu Rupinder Kaur kimekaa katika chumba cha vielelezo cha kituo hiki tangu Jumatatu. Mwalimu anasema ni mali yake na kwamba kiliibwa. Wazee wa kamati ya harambee ya Subukia wanasema ni mali yao, kwa kuwa kilinunuliwa kwa michango yao. Koplo amenieleza kwamba hawezi kukitoa mpaka mtu aliyekuwapo aseme kwa maandishi kinanda ni cha nani na ni nani aliyekiondoa. Mtu huyo ni mimi. Leo saa kumi na mbili jioni binti yangu Tabby Wamaitha, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, atasikilizwa kwa mara ya pili na ya mwisho na walimu wa chuo kimoja cha ng'ambo, na bila kinanda hicho hawezi kusikilizwa. Aliyekiondoa ni kaka yangu wa tumbo moja, Elkana Wanyoike. Nimeandika jina lake mapema ili mkono wangu usipate nafasi ya kusitasita huko mbele.

Binti yangu alimaliza Kidato cha Nne mwaka wa 2024. Shuleni alishiriki tamasha la muziki kila mwaka, na vyeti vyake vimetundikwa sebuleni kwangu. Mwanzoni mwa mwaka jana alipata habari za chuo kinachofundisha tamthilia za nyimbo, yaani maigizo ambamo mtu yule yule huigiza, huimba na kucheza densi kwa wakati mmoja. Chuo hicho huwalipia karo yote wanafunzi wachache wa kutoka nje wanaofaulu usaili. Vijana huuita usaili huo odisheni. Nilimuuliza kama mwishoni mwa masomo hayo kuna kazi. Alinijibu, "Baba, wewe umeandikia watu barua miaka thelathini na hakuna mtu amekuajiri."

Mnamo tarehe 5 Mei 2025, saa nne asubuhi, nilimpeleka kwa Mwalimu Rupinder. Mwalimu huyu hufundisha uimbaji katika chumba kilichoko uani, nyuma ya duka la vipuri vya trekta la kaka yake, Bw. Gurbachan Singh, hapa Free Area. Siku hiyo ya kwanza nilikiona kinanda kinachobishaniwa. Ni cheusi, na kitufe chake cha mwisho upande wa kushoto kimebandikwa plasta nyeupe. Nakumbuka kwa sababu niliuliza plasta ni ya nini, naye mwalimu akanijibu, "Tulianguka na yeye kwa ngazi mwaka ya korona. Mimi nilipona, yeye bado." Wakati huo hakuna mtu wa Subukia aliyekuwa ametoa hata senti. Naomba sentensi hiyo ipigwe mstari.

Mwalimu alitaja ada yake bila kupepesa macho: shilingi elfu mbili na mia tano kwa saa moja, saa mbili kila wiki. Nilimweleza kwa lugha ya heshima kwamba kiasi hicho kinauzidi uwezo wa mkulima wa kawaida, na kwamba ningeshukuru endapo angeona inafaa kukitazama upya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, unaongea poa sana, kama redio ya zamani," akasema. "Lakini hata mimi nalipa stima."

Alipunguza mia tano.

Ng'ombe wangu wa kwanza aliuzwa mwezi wa Juni, na wa pili mwezi wa Agosti. Kulikuwa na mwalimu wa densi, ada ya kujiandikisha chuoni, na viatu vya aina mbili ambavyo havivaliwi nje ya chumba. Mambo hayo sikuyatazamia. Kadhalika sikuitazamia gharama isiyoandikwa popote. Mwalimu alimkataza Tabby kuimba kwa kupaza sauti, asije akaumiza koo, kwa hiyo kanisani akawa anaimba kwa sauti ya chini au haimbi kabisa. Watu walianza kusema kwamba msichana amekuwa na maringo. Niliwaeleza kwamba ni maagizo ya mwalimu. Mama mmoja akaniuliza kama mwalimu huyo pia amemkataza kusalimia watu, maana siku hizi Tabby hupita njiani akisogeza midomo peke yake. Alikuwa akirudia maneno ya maigizo. Hilo nalo nililieleza.

Ni Wanyoike aliyependekeza tufanye harambee. Alianza yeye mwenyewe kwa kuuza mtamba aliyekuwa amebakiza miezi miwili kuzaa, jambo ambalo hakuna mfugaji mwenye akili anayelifanya. Kisha akasimama mbele ya kanisa na kusema, "Huyu si mtoto wa Naftaly. Naftaly alimzaa tu." Watu wakacheka, na wakatoa.

Kadi ya mwaliko niliiandika mimi. Ilisema: "Kila mchangiaji atashuhudia kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake matunda ya ukarimu wake." Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti mara kadhaa kabla ya kuipeleka ikachapishwe. Hakuna aliyenilazimisha kuiandika.

Usaili ulidai nyimbo mbili. Wa kwanza uwe wa Kiingereza, wenye kusindikizwa na kinanda. Wa pili utoke kwao mtahiniwa, na uimbwe bila ala. Mwalimu alimuuliza Tabby, "Wimbo gani huwezi kuimba ukiwa peke yako?" Tabby akamtajia wimbo wa kuchuma kahawa ambao mama yangu mzazi alikuwa akiuimba shambani. Mwalimu akasema, "Basi ni huo."

Kwa kuwa Koplo ameniambia kwamba kwao ni sehemu ya chai, naomba kueleza. Mibuni ya zamani ilikuwa mirefu kumzidi mtu, na wachumaji hawakuweza kuonana kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Mmoja huita: "Mwenzangu wa kikapu, uko mstari upi?" Wenzake huitikia: "Niko ng'ambo ya mti, chuma tu, chuma tu." Asipoitikiwa, maana yake kuna mtu aliyeanguka, au aliyeumwa na nyoka, au aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, na kila mtu hutupa kikapu na kukimbia. Mtoto wa kwetu hufundishwa kuitikia kabla hajafundishwa kuchuma. Mama yangu aliwahi kukaa msimu mzima bila kusema na jirani yake kwa sababu jirani huyo alisikia akiitwa akanyamaza.

Mwalimu Rupinder alimfundisha binti yangu kuita na kutoitikiwa. Tabby aliita, akanyamaza, akasikiliza. Akaita tena kwa sauti iliyopungua kidogo, akanyamaza kwa muda mrefu zaidi. Aliendelea hivyo mpaka anayetazama aelewe, bila kuambiwa, kwamba ng'ambo ya mti hakuna mtu. Mwalimu aliniambia kwamba hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. "Kuimba alikuja akijua," alisema. "Mimi namuuzia kimya." Nilidhani ni mzaha wa mtu aliyekulia dukani. Sasa naamini hakuwa akifanya mzaha.

Siku moja ya mwezi wa Novemba nilikuwa nimeketi uani nikimsubiri Tabby amalize somo. Nikamsikia akiita. Nikasikia ule unyamavu. Akaita tena. Nilijua vyema kinachofanyika, kwa maana nilikuwa nimeelezwa. Hata hivyo nilikohoa. Nilikohoa kwa namna ambayo mtu wa shambani angeielewa. Mwalimu akafungua mlango.

"Hata wewe, mzee?"

Tabby alikuwa nyuma yake akicheka. Ilinipasa siku ile ile kujiuliza swali hili: ikiwa mimi niliyeelezwa nimeshindwa, itakuwaje kwa wasioelezwa? Sikujiuliza.

Usaili ulipangwa kufanyika Jumamosi, tarehe 31 Januari 2026, saa kumi na moja jioni, kwa njia ya kompyuta, walimu wa chuo wakiwa kwao na Tabby akiwa katika chumba cha mwalimu. Wiki moja kabla, mwalimu aliniambia, "Hiyo siku sitaki mtu mwingine ndani ya chumba, hata wewe." Nililitafakari agizo hilo kama mtu anavyotafakari kifungu cha sheria. Alisema ndani ya chumba. Ua haukutajwa.

Siku hiyo tulifika saa tisa na nusu, kwa pikapu ya Wanyoike ambayo yeye hubebea maziwa, na kwa gari jingine la kukodi. Tulikuwa watu kumi na saba. Mwalimu alitoka nje akasimama mlangoni.

"Mzee, hawa ni akina nani?"

Nilimweleza kwamba ni wachangiaji, na kwamba wamekuja kwa mujibu wa kadi.

"Wote?"

Bi. Jepleting, mweka hazina wa kamati yetu, akamjibu kabla yangu: "Mwalimu, usiogope. Sisi ni kukaa tu. Hata chai tunaweza kukataa."

Chai haikukataliwa. Bw. Gurbachan alitoa viti vya plastiki dukani, akaagiza birika mbili, na kumuuliza Wanyoike bei ya maziwa, wakazungumza kama watu waliofahamiana tangu zamani. Mwalimu aliutazama mkutano huo, akatazama saa, kisha akasema wakae, wazime simu, na mtu asikohoe. Alinitazama aliposema kukohoa.

Kuhusu wimbo wa pili sikuwaeleza lolote. Wao walijua tu kwamba Tabby ataimba wimbo wa nyumbani. Nilitaka uwashangaze.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Tulimsikia kupitia dirishani, na kinanda kikimfuata kama mtu anayetembea na mwenzake. Jepleting alinong'ona, "Hii Kizungu inatoka kwa tumbo kabisa," wakamnyamazisha. Nakiri kwamba muda huo nilikuwa na furaha. Niliwatazama watu wangu wakiwa wameshika vikombe, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumamosi, nikaona kwamba sentensi yangu ya kadi imetimia.

Kisha Tabby akaita: "Mwenzangu wa kikapu, uko mstari upi?"

Kikombe cha Wanyoike kilisimama hewani. Wengine waliinua vichwa. Tabby akaita tena. Sauti ile ilikuwa ya mama yetu. Sitaongeza hapo, kwa kuwa nimekatazwa hotuba. Wanyoike alinigeukia. Nilimfanyia ishara ya mkono kwamba anyamaze. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuweka kikombe chini na kushika upindo wa sketi yake, kama mtu anayetaka kukimbia.

Alipoita mara ya tatu, kaka yangu alisimama na kuitikia kwa sauti yake yote: "Niko ng'ambo ya mti, chuma tu, chuma tu." Wote wakaitikia nyuma yake, kwa sauti nne, kama ilivyo desturi yetu kanisani, na wanawake wakapiga vigelegele. Hawakuwa na nia mbaya. Naomba hilo nalo lipigwe mstari. Na kwa kuwa nimeapa kusema ukweli wote, naandika pia kwamba mkono wangu ulikuwa bado juu ukiwaonya, na mdomo wangu ulikuwa ukiitikia pamoja nao.

Ndani ya chumba sauti ya mwanamume ilisikika kutoka kwenye kompyuta, ikiuliza kwa Kiingereza hao ni kina nani. Tabby alimjibu kwamba ni watu wa kwao. Walizungumza kwa dakika chache. Baadaye mwalimu alinieleza kilichosemwa: kwamba walikipenda walichokisikia, lakini mtahiniwa hupimwa akiwa peke yake, na hawawezi kumpima mtu mmoja kwa sauti za kijiji kizima. Kwa kuwa waliona kwenye uso wake kwamba hakuyapanga, wangempa nafasi moja nyingine, siku ya Ijumaa, akiwa peke yake kweli. Baada ya hapo hakuna.

Tabby alitoka nje. Hakulia, na hakupaza sauti.

"Mbona mmeitikia?"

"Mtoto anaita, tukae kimya?" Wanyoike akamjibu.

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Mkae kimya."

Kaka yangu alisimama pale akiwa bado ameshika kikombe. Nadhani kama angejibiwa hivyo na mtu mwingine angecheka, lakini huyu ndiye mtoto ambaye yeye aliuza mtamba kwa ajili yake. Alipofungua kinywa, hakumwambia Tabby, alimwambia mwalimu.

"Wewe mama, tumekulipa hiyo yote ndio ufundishe mtoto wetu kuimba kama mtu hana watu?"

"Nimemfundisha kuigiza, mzee. Si ukweli. Ni mchezo tu."

"Hakuna mchezo ya kuua watu wako."

Alidai michango irudishwe. Mwalimu, ambaye kwa kawaida hutania ili kupoza mambo, akatania. "Masomo hairudishwi, mzee wangu. Sauti imeshaingia kwa mtoto, sasa nitaitoa aje?" Mtu mmoja nyuma yetu akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu jambo. Wanyoike aliweka kikombe juu ya kiti, polepole.

Yapata saa kumi na mbili mwalimu alimchukua Tabby akampeleka nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, akapumzike. Hakufunga chumba. Bw. Gurbachan alikuwa dukani akihudumia wateja wa mwisho. Wanyoike aliingia chumbani, akachomoa waya ukutani, akauviringisha vizuri, na kukibeba kinanda yeye mwenyewe mpaka kwenye pikapu. Alikilaza kati ya mitungi ya maziwa na kukifunika kwa leso ya kujitanda ya Jepleting, ili vumbi la njiani lisiingie.

Hapa naomba kueleza desturi, si kwa kuitetea, bali ili isisemwe kwamba kaka yangu ni mwizi wa kawaida. Katika kikundi chetu cha akiba, mwanachama asipotimiza ahadi, wenzake huenda nyumbani kwake mchana kweupe, wakanywa chai yake, na wakaondoka na kochi au redio. Hukaa nayo mpaka atimize. Sisi huita jambo hilo kushikilia, na aliyeshikiliwa hatukani mtu. Lakini Mwalimu Rupinder si mwanachama wa kikundi chetu, hajawahi kula kiapo chetu, na hakuna ahadi aliyoivunja. Alifundisha kila saa aliyolipwa, na nyingine ambazo hakulipwa.

Nilimwambia kaka yangu, "Wanyoike, hicho si chetu."

"Ni chetu mpaka aturudishie mtoto," akasema.

Hayo ndiyo yote niliyoyasema. Sikuushika mlango wa gari. Sikumwita mwalimu. Nilipanda pikapu hiyo hiyo, kiti cha mbele, nikarudi Subukia nikiwa nimekaa kando ya kaka yangu. Tabby alibaki kwa mwalimu na yuko huko hadi leo.

Jumatatu, tarehe 2 Februari, saa nne asubuhi, Koplo Chepkurui alifika kanisani kwetu na kukikuta kinanda katika stoo, ambako Wanyoike alikuwa amekiweka. Aliwauliza waliokuwapo ni nani aliyekileta. Watu walioshindwa kunyamaza siku ya Jumamosi walinyamaza siku ya Jumatatu, nami nilikuwa mmoja wao. Jepleting peke yake ndiye aliyesema:

"Madam, hiyo ni kinanda ya harambee."

"Risiti iko wapi?"

"Risiti ni sisi."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Nami kichwa changu kilitikisika.

Jumatano Tabby alinipigia simu. Alinieleza kwamba usindikizaji wa wimbo wa kwanza umehifadhiwa ndani ya kinanda kile na si pengine. Kwamba mwalimu aliutengeneza kwa wiki nyingi kufuata pumzi yake, mahali anapovuta na mahali anapoachia. Na kwamba walikuwa wamejaribu na kinanda cha kuazima, wimbo ukamkimbia. Nilimuuliza anataka nifanye nini.

"Sitaki Baba Mkubwa ashikwe," akasema. "Na nataka kuimba, Baba."

Nilisubiri achague moja. Hakuchagua. Nikaona kwamba hiyo si kazi yake.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Wanyoike, nikamkuta akikamua. Nilimwomba aje mwenyewe Nakuru, aseme kilichotokea, akirudishe kinanda kwa mkono wake, na yaishe. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu usiku kucha na yalikuwa mazuri. Hakuinua kichwa.

"Mimi niende niseme niliiba? Mimi?"

"Useme ulishikilia."

"Polisi hawajui kushikilia. Wanajua kuiba tu." Alimaliza chuchu moja akashika nyingine. "Naftaly, mwana wa mama. Ukienda huko kuandika hizo barua zako, usirudi na hii njia yangu."

Njia ya kufika kwangu hupita katika shamba lake. Baba yetu alitugawia hivyo akijua hatutakosana. Hakuna njia nyingine.

Nilirudi nyumbani. Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu nikitafuta namna ya kuandika maelezo ambayo yangekirudisha kinanda bila kumtaja aliyekichukua. Nimewaandikia watu wengi barua za namna hiyo, kwa machifu, kwa mabwana shamba, kwa wakwe. Barua ambamo jambo hutendeka lenyewe na hakuna mtendaji. "Kifaa kiliondolewa." "Hali ya kutoelewana ilijitokeza." Najua kuziandika. Niliandika moja, nikaisoma, ikanipendeza, na nikaona kwamba haitamsaidia binti yangu.

Leo asubuhi nilipofika kituoni nilimkuta Mwalimu Rupinder kwenye benchi la nje. Alinipa nafasi nikae. Aliniambia kwamba hataki mtu afungwe, anataka tu kinanda chake. Nilimwomba radhi kwa maneno machache, pungufu ya niliyozoea. Aliniuliza ua wake ulikuwa na kasoro gani hata nikaona hauhesabiki kuwa chumba. Koplo amenieleza kwamba msamaha wa mwalimu utaandikwa, lakini kuamua kama kaka yangu atashtakiwa si kazi ya mwalimu peke yake, wala si yangu.

Kwa hiyo nasema waziwazi. Kinanda ni cha Mwalimu Rupinder Kaur. Alikuwa nacho kabla ya harambee yetu. Kiliondolewa na Elkana Wanyoike, mwana wa baba yangu na mama yangu, mbele ya macho yangu, na mimi nikamwacha. Kama kuna kosa la kuwaleta watu uani, ni langu. Kama kuna kosa la kutowaeleza wimbo, ni langu pia. Wanyoike alifanya kile ambacho mama yetu alitufundisha sote wawili, tukiwa watoto wa mstari mmoja. Naelewa kwamba shahidi hapaswi kuomba lolote. Nikiruhusiwa kuvunja kanuni mara moja, naomba anapohojiwa asiitwe mwizi mbele ya watu wa kwetu.

Niliyokuwa nayo ya kusema yamekwisha. Nimeyasoma tena mwenyewe kuanzia juu, sikupata la kufuta, na ninayatia sahihi kwa hiari yangu nikijua yatakakofika.

(Sahihi) Naftaly Mbugua

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu. Alionywa mara mbili kuhusu urefu. Sentensi alizoomba zipigwe mstari zimepigwa.

Kinanda kimelinganishwa na maelezo, kikapigwa picha, na kukabidhiwa mlalamikaji saa sita na nusu mchana. Mlalamikaji ametia sahihi.

Mshukiwa Elkana Wanyoike ameletwa kituoni kutoka Subukia saa kumi na robo jioni. Hakupinga. Amesema hana maelezo ya kutoa leo. Aliuliza jambo moja, kwamba msichana anaimba saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili. Akaomba aambiwe saa hiyo ikifika, apate kunyamaza.

(Sahihi) Koplo Chepkurui